Ala Iliyokufa Ikafufuka: Jordi Savall na Silsila ya Walimu

Ndugu wasomaji, leo naomba tuziache siasa kidogo. Nataka niwasimulieni habari za ala ya muziki iliyokufa, ikakaa kaburini karibu miaka mia moja, kisha ikafufuka. Nataka pia niwasimulieni habari za mzee mmoja Mkatalani, Jordi Savall, ambaye ametumia maisha yake kuipiga na kuifundisha ala hiyo. Najua kuna watakaouliza: huyu kijana wetu wa gazetini ametokea wapi na muziki wa wafalme wa Ulaya? Vuteni subira. Ndani ya habari hii kuna swali linalotuhusu sisi wenyewe, tena linatuhusu sasa hivi.

Swali ni hili: muziki hutunzwa na nini? Karatasi, au mtu?

Ala yenyewe inaitwa viola da gamba. Tafadhali msicheke. Gamba hapa si la kobe, wala si lile la kujivua ambalo wanasiasa wetu walituchosha nalo mwaka 2011. Kwa Kiitaliano gamba ni mguu. Ala imeitwa hivyo kwa sababu mpigaji hukaa kitini akaibana katikati ya miguu yake. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni selo, ile fidla kubwa ya kukalia. Sogea karibu uone tofauti. Selo ina nyuzi nne, viola ina sita au saba. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo. Shingoni imefungwa vikamba vya utumbo huohuo, kimoja baada ya kingine, kuonyesha mahali pa kubonyeza, kama zile alama za gitaa. Na upinde hushikwa kiganja kikitazama juu, si chini kama wapiga fidla wanavyofanya. Sauti yake si kubwa. Ni ya chini chini, inakwaruza kidogo, kama mzee anayeongea na mtu mmoja tu chumbani.

Wataalamu wengi wanasema ala hii ilianzia Hispania mwishoni mwa karne ya 15. Watu walichukua vihuela, ndugu yake gitaa, wakaanza kuipiga kwa upinde. Na upinde wenyewe Ulaya haikuubuni. Uliingia huko kutoka Mashariki, na njia yake mojawapo ilikuwa Hispania ya Waislamu, pamoja na rababa. Udi nao ulipita njia hiyohiyo. Wazungu waliupenda, wakaubadilisha, na hata jina wakabaki nalo: ala waliyoiita lute imepata jina lake kutoka Kiarabu, al-ud. Kwa hiyo mtu wa Unguja aliyekulia kwenye taarab, akisikia nyuzi hizi, hasikii mgeni kabisa. Anasikia ndugu wa mbali aliyehama zamani.

Kutoka Hispania viola ilikwenda Italia, kisha ikasambaa. Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliajiri wapigaji kutoka Italia mwaka 1540. Lakini walioifikisha kileleni ni Wafaransa wa karne ya 17. Hapo ndipo tunakutana na Marin Marais. Alizaliwa Paris mwaka 1656, mtoto wa fundi viatu, na akaishia kuwa mpigaji katika jumba la mfalme Louis wa 14. Mwalimu wake alikuwa Sainte-Colombe, mtu aliyejitenga na watu, ambaye inasemekana ndiye aliyeiongezea viola uzi wa saba. Kuna kisa kilichoandikwa mwaka 1732, miaka minne tu baada ya Marais kufariki. Kisa kinasema Sainte-Colombe alimfundisha Marais miezi sita tu, alipoona kijana anakaribia kumpita akamwambia hana tena cha kumfundisha. Mwalimu alikuwa amejijengea kibanda cha mbao juu ya mforsadi ili apige akiwa peke yake. Kijana akawa ananyata na kujificha chini ya kile kibanda, anaiba mbinu kwa masikio.

Kisa hicho huenda kimeongezwa chumvi, lakini kishikeni, tutakihitaji baadaye.

Marais hakutaka elimu yake ipotee. Kati ya mwaka 1686 na 1725 alichapisha vitabu vitano vya nota za viola, jumla yake karibu vipande 600. Na hakuandika nota tupu. Aliweka alama za kidole gani kibonyeze, wapi upinde usukumwe na wapi uvutwe, wapi sauti itetemeshwe. Kama kuna mwanamuziki aliyefuata ile methali yetu ya mali bila daftari hupotea bila habari, basi ni huyu. Daftari aliliacha, tena limejaa.

Na mali ikapotea hivyohivyo.

Mwaka 1740 msomi mmoja wa sheria wa Kifaransa, Hubert Le Blanc, alichapisha kitabu kizima cha kuitetea viola dhidi ya fidla na selo. Ukiona mtu anaandika kitabu kuitetea ala, ujue ala hiyo imeshaanza kushindwa. Sababu si ngumu. Muziki ulikuwa unatoka kwenye vyumba vya mabwana na kuingia kwenye kumbi za watu wenye tiketi. Ukumbi mkubwa unataka sauti kubwa. Fidla na selo zilikuwa nayo, viola haikuwa nayo. Halafu mwaka 1789 Wafaransa wakafanya mapinduzi, na wale mabwana waliokuwa wakiwalipa wapigaji wakakimbia au wakakatwa vichwa. Viola nyingi zilifikishwa kwa mafundi, shingo zikabadilishwa, nyuzi zikapunguzwa, zikageuzwa selo. Mmoja wa mabingwa wa mwisho, Mjerumani Carl Friedrich Abel, alifariki London mwaka 1787. Baada yake palibaki mpigaji mmoja huku, mwingine kule, mwisho kimya.

Hebu fikirini jambo hili vizuri. Vitabu vya Marais havikuungua. Vilikuwepo maktaba, vimepangwa rafuni, nota zote zinasomeka. Kilichokufa ni ule mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mwanafunzi. Watu wa pwani wana neno zuri la kitu hicho: silsila. Fulani kamfundisha fulani, naye kamfundisha fulani, mpaka kufika kwako. Ikikatika mara moja, kwa kizazi kimoja au viwili tu, vitabu haviwezi kuiunga tena. Vinabaki kama ramani ya mji ambao hakuna aliyewahi kuishi ndani yake.

Aliyeanza kufukua kaburi ni Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyeishi Uingereza. Mwaka 1889 alikuta katika maktaba ya British Museum nota za zamani za viola. Akatafuta ala zilizosahaulika, akazikarabati, akafundisha familia yake kuzipiga, na mwaka 1915 akachapisha kitabu juu ya namna muziki wa karne ya 17 na 18 unavyopaswa kupigwa. Wapo waliomwona kama kichaa kidogo. Mwaka 1933, katika mji wa Basel nchini Uswisi, Paul Sacher na wenzake walianzisha chuo kwa ajili ya muziki wa kale peke yake, Schola Cantorum Basiliensis. Mmoja wa walimu wa mwanzo alikuwa August Wenzinger, mpiga selo aliyejifunza pia viola. Kwa hiyo silsila mpya ilianza hivi: na watu ambao wenyewe hawakuwa na mwalimu aliyepokea kutoka kwa mwalimu. Walisoma, wakajaribu, wakakosea, wakarudia.

Sasa tuje kwa mzee wetu.

Jordi Savall alizaliwa tarehe 1 Agosti 1941 Igualada, mji wa viwanda karibu na Barcelona. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilikuwa vimeisha miaka miwili tu nyuma. Jenerali Franco alikuwa ameshika nchi, na lugha ya Kikatalani ilikuwa imefukuzwa mashuleni na maofisini. Kijana huyu alikua akijua maana ya kitu chako kuambiwa hakina nafasi. Alianza kuimba kwaya akiwa na miaka sita. Alipokuwa kijana wa sekondari alisikia mazoezi ya Requiem ya Mozart, na amesimulia mara nyingi kwamba siku hiyo ndipo alipoamua kuwa mwanamuziki. Akachukua selo. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 alisoma katika chuo cha muziki cha Barcelona.

Angeweza kuishia hapo. Mpiga selo mzuri ana kazi, ana okestra, ana mshahara. Lakini katika nota alizokuwa akipiga kwa selo mlikuwemo vipande vilivyotungwa kwa ajili ya viola, na Enric Gispert, aliyekuwa akiongoza kundi la muziki wa kale la Ars Musicae pale Barcelona, alimtia moyo aijaribu ala yenyewe. Mwalimu wa viola Barcelona hakuwepo. Savall akafanya kile ambacho ilibidi kufanywa: akaanza kujifundisha. Akazunguka maktaba za Paris, Brussels na London kutafuta nota za zamani, huku akijaribu kuzifanya zilie nyumbani.

Mwaka 1968 alihamia Basel kusoma kwa Wenzinger katika ile Schola. Alikwenda na mkewe, Montserrat Figueras, mwimbaji wa sauti ya juu waliyeoana mwaka huohuo. Pia alichukua masomo kwa Wieland Kuijken kule Brussels. Ilipofika mwaka 1974 alikuwa amekabidhiwa nafasi ya Wenzinger, kufundisha viola pale Basel. Kijana aliyekuwa akijifundisha mwenyewe miaka tisa nyuma sasa ndiye kiti cha ualimu.

Hapa natamani vijana wenzangu waone kitu. Tunapenda sana kusimulia habari za msanii kama habari za jukwaa: tuzo, makofi, mauzo. Kazi ya Savall iliyonigusa mimi haikuwa jukwaani. Ilikuwa darasani Basel, miaka mingi, mwanafunzi mmoja mmoja. Kutoka darasa hilo wametoka watu kama Christophe Coin wa Ufaransa, ambaye naye akawa mwalimu Paris na Basel. Katoka Paolo Pandolfo wa Italia, aliyeanza kusoma kwa Savall mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 akakabidhiwa ualimu wa viola paleple Basel. Wenzinger kwa Savall, Savall kwa Pandolfo. Silsila iliyokatika ilikuwa imeunganishwa, na ikawa na vizazi vitatu.

Nje ya darasa nako hakulala. Mwaka 1974, yeye, Figueras na wenzao wawili, Lorenzo Alpert na Hopkinson Smith, walianzisha kundi la Hespèrion XX. Hesperia ni jina la kale la nchi za magharibi, yaani Italia na Hispania. Karne ilipogeuka kundi likabadilishwa jina kuwa Hespèrion XXI. Mwaka 1987 wakaanzisha kwaya, La Capella Reial de Catalunya, na mwaka 1989 okestra, Le Concert des Nations. Mwaka 1998 wakaanzisha kampuni yao ya kurekodi, Alia Vox, ili wasipangiwe na mtu warekodi nini.

Lakini kilichomfanya ajulikane na watu wasiosoma nota ni sinema. Mnamo mwaka 1991 mwongozaji Alain Corneau alitoa Tous les matins du monde, kutokana na riwaya ya Pascal Quignard. Ni habari ya nani? Ya Sainte-Colombe na Marais. Kile kibanda juu ya mti kimo. Muziki wote ulisimamiwa na Savall, na viola unayoisikia wakati Depardieu anajifanya kupiga ni ya Savall. Ufaransa peke yake zaidi ya watu milioni 2 waliingia sinema kuitazama. Ilipata tuzo saba za César mwaka 1992, moja ikiwa ya muziki. Albamu ya sinema hiyo iliuzwa kama ya muziki wa dansi. Ala ambayo miaka mia nyuma ilikuwa kwenye makumbusho ikawa inasikika kwenye teksi za Paris.

Kuna watu wangeishia hapo pia, wakala matunda. Savall akaanza kuuliza maswali mengine. Kama viola ilitoka Hispania ya Waislamu, Wayahudi na Wakristo, kwa nini iendelee kupigwa kama mali ya Ufaransa tu? Akaanza kuwaita wapiga udi, wapiga ney, wapiga kanuni. Mwaka 2008 alitoa kazi kubwa juu ya Jerusalem, ndani yake mna wanamuziki wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Mwaka huohuo UNESCO iliwatangaza yeye na mkewe kuwa wasanii wa amani. Akaja kutengeneza pia kazi juu ya safari za Ibn Battuta. Mnamkumbuka Ibn Battuta? Ndiye yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo ambayo tulisomeshwa kwenye historia.

Figueras alifariki Novemba 2011. Walikuwa wameishi na kufanya kazi pamoja zaidi ya miaka 40. Watoto wao wawili, Arianna na Ferran, wote ni wanamuziki, wameimba na kupiga na wazazi wao jukwaani. Savall hakuacha kazi. Mwaka 2014 serikali ya Hispania ilimpa tuzo ya taifa ya muziki, yenye euro 30,000. Akaikataa. Akaandika barua kwa waziri kueleza kwamba hawezi kupokea heshima kutoka kwa serikali inayoutelekeza muziki wa kale wa nchi yake na watu wanaoutumikia. Sisi tunawajua wasanii wangapi wanaoweza kurudisha bahasha?

Haya, sasa tumefika mahali ambapo habari hii ilinikamata mimi kama Mwafrika.

Mnamo mwaka 2015 Savall alianza kuonyesha kazi inayoitwa Njia za Utumwa, na mwaka 2016 ikatoka katika albamu. Inaanza mwaka 1444, shehena kubwa ya Waafrika ilipoteremshwa Lagos, kusini mwa Ureno, na inaishia mwaka 1888, Brazil ilipofuta utumwa. Wanamuziki wametoka Mexico, Colombia, Venezuela, Brazil, Madagaska, Morocco na Mali. Kutoka Mali alikuja mwimbaji Kassé Mady Diabaté, aliyefariki mwaka 2018, na mpiga kora Ballaké Sissoko.

Angalieni mkutano huo ulivyo. Upande mmoja kakaa Mzungu na viola iliyotengenezwa London na fundi Barak Norman mwaka 1697. Nyuma yake kuna maktaba nzima: nota zilizochapishwa, mikataba ya fundi na mfalme, kila kitu kwa maandishi. Upande wa pili kakaa Sissoko na kora yake ya kibuyu, nyuzi 21. Nyuma yake hakuna nota hata moja. Kuna baba. Baba yake, Djelimady Sissoko, alikuwa bingwa wa kora, na mwaka 1970 alitoka katika albamu ya kora tupu pamoja na Sidiki Diabaté na wenzao, iliyopewa jina la nyuzi za kale. Alipofariki, Ballaké, akiwa bado kijana mdogo, akachukua nafasi yake katika kundi la taifa la Mali. Na mwaka 1999 Ballaké na mtoto wa Sidiki, Toumani, wakatoa albamu yao wawili wakaiita nyuzi mpya za kale. Baba wawili, watoto wawili, ala ileile.

Sasa niambieni: kati ya hao wawili, nani aliyelazimika kufufua ala yake?

Ni yule mwenye maktaba. Mwenye karatasi ndiye aliyezika. Asiye na karatasi alikuwa anaendelea tu, kama jana. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba Afrika haina historia kwa sababu haikuandika, na wengine wetu tuliopitia chuo kikuu tumeamini hivyo kimoyomoyo. Lakini hapa kuna ushahidi wa upande wa pili. Karatasi ilihifadhi nota za Marais, na hilo si dogo, bila hizo Savall asingekuwa na cha kufufua. Ila haikuhifadhi muziki. Ilibidi watu kama Dolmetsch, Wenzinger na Savall watumie zaidi ya miaka 80 kutafuta namna ya kuzisoma.

Na hata sasa wapo wanaobisha. Kuna wataalamu wanaosema hakuna anayejua kwa uhakika Marais alisikika vipi, na kwamba kinachoitwa muziki wa kale ni ladha ya watu wa leo iliyovaa nguo za zamani. Marehemu Richard Taruskin, mwanahistoria wa muziki wa Marekani, alilisema hili kwa ukali miaka mingi. Wengine wanamlaumu Savall kwa kuchanganya mno: udi hapa, ngoma pale, mahali ambapo maandishi hayasemi kuwa vilikuwepo. Mimi nadhani wana hoja. Lakini hoja yao yenyewe inathibitisha ninachosema. Ubishi huu upo kwa sababu silsila ilikatika. Hakuna mzee wa kumwuliza. Hakuna anayeweza kusema, hapana, bwana, mwalimu wangu alikuwa anaipiga hivi.

Sisi tunaye bado mzee wa kumwuliza. Kwa leo.

Tuchukue taarab. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Santuri zake zipo, tunaweza kuzisikiliza. Lakini santuri hizo hazikumfikisha Siti kwetu peke yake. Bi Kidude alizibeba nyimbo zake masikioni na kooni mpaka alipofariki mwaka 2013. Kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwepo Zanzibar tangu mwaka 1905, na muda wote huo wapiga udi, kanuni na fidla wamefundishana humo kwa kukaa pamoja, mkubwa na mdogo. Mwaka 2002 kikafunguliwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi cha DCMA, pale Mji Mkongwe, ili vijana wafundishwe na wazee hao darasani. Na mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kinaweza kufunga milango kwa kukosa fedha. Hakikufunga, tumshukuru Mungu. Lakini mjue ilivyokuwa karibu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuache kuandika na kurekodi. Mimi naishi kwa kuandika, nitawezaje kusema hivyo? Turekodi kila kitu. Ninachosema ni kwamba simu yako iliyojaa video za mzee anapiga zeze si mwanafunzi wake. Marais aliacha vipande 600 na alama za vidole, na bado alizikwa. Kinachokosekana mara nyingi si kumbukumbu. Ni kijana mmoja wa kukaa chini ya ule mforsadi, na mwalimu mwenye posho ya kumwezesha kumfundisha.

Na hapa najisemea pia mimi na wenzangu wa chumba cha habari. Katika magazeti yetu mpiga ala mkongwe hupata ukurasa mzima siku moja tu, nayo ni siku ya msiba wake. Tunaandika kwamba ameacha pengo. Hatuandiki ameacha wanafunzi wangapi, wako wapi, wanakula nini. Ingekuwa bora tuwaulize hayo wakiwa hai.

Savall mwenyewe anaonekana kulielewa hili. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 75, umri ambao wengine wanahesabu tuzo zao, alianzisha mradi ulioitwa Orpheus XXI. Alikusanya Ufaransa wanamuziki wakimbizi kutoka Syria, Afghanistan na kwingineko, watu waliokuwa mabingwa makwao na sasa wanalala kwenye kambi. Akawapa jukwaa, ndiyo, lakini akawapa pia darasa: wafundishe watoto, wakiwemo wa wakimbizi wenzao, muziki wa nyumbani kwao. Vita ikikata watu na nchi yao hukata pia silsila, na yeye ametumia nusu karne kujua kuunga silsila iliyokatika kuna gharama gani.

Basi ndugu zangu, mtaani kwenu, wilayani kwenu, kijijini kwa babu, nani anapiga nini? Na mtoto gani anakaa karibu yake? Kama jibu la swali la pili ni hakuna, msisubiri azaliwe Dolmetsch wetu baada ya miaka mia. Nendeni mkae wenyewe.

Tuendelee kutafakari. Alamsiki.